Nyumba ya Kiswahili gani isiyo na mlango wa choo?

Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa mwaka 2001, mji wetu wa Lamu ulipotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nililalamikia saruji. Niliandika kurasa mbili, mkachapa mistari minne, na huo wa nne mkaukata kiunoni. Nikaapa sitaandika tena. Sasa mmenirudisha wenyewe kwa ile makala yenu ya malazi ya ajabu ya pwani: vitanda juu ya miti, vitanda ndani ya jahazi, na ile nyumba ya mtaa wa Mkomani mliyoisifu kwa "bafu la wazi, Uswahili mtupu".

Jahazi naliacha. Kulala jahazini si ajabu kwa mtu wa hapa. Wazee wetu wamelala juu ya shehena ya boriti mpaka Arabuni na hakuna aliyewapiga picha. Lakini kwa kuwa nyinyi ndio mlioanza: hata choo cha jahazi, kile kisanduku kinachotundikwa tezini, nyuma ya chombo, juu ya maji, kilizungushiwa mbao. Wanaume watupu, katikati ya bahari, mtazamaji ni papa peke yake, na bado seremala aliona haya akapigilia mbao. Liwekeni hilo kichwani.

Mimi ni fundi wa chokaa, nimestaafu baada ya miaka 42. Nyumba mliyoipiga picha naijua kuliko anayeimiliki. Alikaa dada wa bibi yangu. Warithi waliiuza, ni haki yao, sigombi na mtu. Ukuta wa choo chake niliupaka mwaka 1988, mimi na fundi aliyenifunza, kwa chokaa ya matumbawe tuliyoichoma wenyewe, tukaisugua siku mbili mpaka ikateleza kama ganda la yai. Ukuta huo ulifika darini. Leo unakomea kifuani pa mtu mzima, na juu yake wamepanga mishumaa.

Nimejuaje? Nimelipa pesa zangu kulaza wageni humo. Mwaka jana nilimwoza binti yangu, na wakwe walitoka Tanga. Kwangu Langoni palikuwa hapana pa kukanyaga, wapishi ukumbini, watoto mpaka kwenye ngazi. Nikaona mama wa bwana harusi, dada yake mkubwa na kijukuu chake cha kike wakalale penye jina. Nikachukua kile wanachokiita chumba cha familia, siku tatu, nikalipa zote mbele. Mkwe huyo, mhariri, si mgeni wa kuonyeshwa godoro akajilalia. Ukimkosea mkwe utasikia habari zake kwa wajukuu.

Siku ya pili, adhuhuri, nimekaa barazani, namwona mkwe anakuja na jua la utosi, buibui limemganda mgongoni kwa jasho, mkoba wa ukili kwapani. Ameamkia vizuri, ameuliza hali, ameingia kwa wanawake. Nikadhani amekuja kuonja pilau. Baada ya magharibi akaja tena. Kesho yake alfajiri, muadhini hajamaliza, nikamkuta mlangoni na mkoba uleule, na safari hii niliona ncha ya kanga ya kuogea imechungulia. Hakusema neno, na mimi sikuuliza. Mkwe halalamiki, na anayeulizwa na mkwe hujibu "tuko vizuri sana". Aliyenipasulia jipu ni yule mtoto, anatafuna kaimati: "Babu, choo cha kule hakina mlango. Bibi akitaka kwenda, sisi tunakaa ngazini tunahesabu paka." Nikamuuliza wamefika paka wangapi. Akasema kumi na wanne.

Nilikwenda. Kijana wa mapokezi ana adabu zake, shikamoo ilitoka kabla sijavuka kizingiti. Nikaomba kopo kwanza, maana chooni hamna ila karatasi. "Kopo la nini, mzee?" Mtoto wa kisiwa hiki. Nikamwambia la kutawadhia. Akaniletea jagi la juisi, kipande cha limau kimegandia chini. Nikaomba mlango, au hata pazia. Akamwita meneja, na meneja akaniambia kwa upole kabisa kwamba huo ndio mtindo wa nyumba, wageni wanapenda hewa ipite, na kwamba ndivyo Waswahili wa zamani walivyoishi.

Waswahili wa zamani! Nimeishi mikono yangu imo ndani ya kuta zao, naomba niambiwe ni Waswahili gani hao. Nyumba ya mawe ya Lamu yote imejengwa ili mtu asionekane. Nje una daka, mawe mawili ya kukalia, hapo muuza samaki na mdai wa pesa wanamaliza shughuli zao bila kuona hata kivuli cha ndani. Ukipita mlango unakutana na tekani, kijiukumbi cha kuingilia, na tekani imepindwa makusudi, mlango wa pili haukuelekezwa kwa wa kwanza, ili mpita njia akitupa jicho ligonge ukuta. Ndipo kiwanda, yaani ua wa ndani. Kutoka kiwandani ni msana wa tini, msana wa yuu, yaani kumbi mbili za kukaa, ya chini na ya juu, halafu ndani, chumba cha wenye nyumba, kila kimoja sakafu yake imeinuka kidogo kuliko kilichotangulia, na kila hatua ni haki ya watu wachache zaidi. Vyumba ni vyembamba, havifiki mita tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haibebi dari ya mawe zaidi ya hapo, na watu wakavumilia wembamba huo lakini hawakukubali kupunguza ukuta. Mgeni naye alikuwa na mahali pake, sabule, chumba cha wageni, ngazi yake peke yake inaanzia tekani. Mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi alikaa humo mpaka kusi iingie, miezi, akala, akaoga, akaswali, akaondoka hajui wenye nyumba wana mabinti wangapi. Hiyo ndiyo hoteli yetu, na ilikuwa na mlango! Na wala sijafika kwenye nyumba ya kati. Kile chumba kidogo cha giza nyuma kabisa, mlichokiandika kwamba "kina utulivu wa kipekee", ndimo wanawake wa nyumba walimojifungulia na ndimo maiti walimooshwa. Dada wa bibi yangu alioshwa humo. Nilibeba maji ya kumwoshea mimi, nikayaweka mlangoni, nikarudi. Leo ndicho chumba cha fungate. Kuna taulo limekunjwa umbo la bata juu ya kitanda. Utulivu upo, kwa kweli, haukuanza leo.

Pesa sikurudishiwa, nisiwachoshe kwa hilo.

Lakini kwa kuwa tumefika chooni, lipo la maji. Choo cha zamani kilikuwa na birika, tangi la chokaa pembeni, unateka kwa kata. Sakafuni mwake kulijengewa bakuli la kaure, na ndani mliishi visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakishuka, vinakimbilia bakulini visife mpaka birika lijazwe. Mtu mzima akioga kwa kata, nusu ndoo inamtosha na nyingine humwagia mche wa mlimau. Birika la nyumba ile limejazwa mchanga, limepandwa mshubiri. Mahali pake pamefungwa bomba la dari lenye upana wa sinia la biriani, na mgeni husimama chini yake mpaka vidole vijikunje. Maji hayo yanatoka wapi? Yanatoka Shela, visimani, chini ya vilima vya mchanga. Mvua inanyesha, mchanga unachuja, sisi tunakunywa. Mji mzima umening'inia hapo. Na vilima hivyohivyo vinasawazishwa vijengewe nyumba za kupangisha zenye madimbwi ya kuogelea, hatua mia kutoka baharini. Bahari ipo, imejaa tele, haina malipo, lakini mgeni hapendi chumvi. Mtaani kwangu maji huja kwa zamu, na zamu ikikosea unamsikia jirani anateka kisimani usiku, maji yenye chumvi ya kuwezesha kupikia wali bila kutia nyingine. Sijaona makala yenu ya kisima cha ajabu.

Mapendekezo ninayo, msiseme wazee tunalalamika tu. Kabla ya yeyote kuruhusiwa kuandika "nyumba ya Kiswahili" kwenye kibao chake, mwenye mali, meneja na huyo msanifu aliyekata ukuta wangu walale chumba hicho usiku mbili, kila mmoja na mama mkwe wake. Usiku wa kwanza wapewe pweza wa nazi. Usiku wa pili wapewe maembe mabichi ya pilipili, na maji ya kunywa kwa wingi. Afisa wa kaunti akae ngazini ahesabu paka. Kama asubuhi wote wanne bado wanasema hewa inapita vizuri, wapewe leseni na mimi nitanyamaza tena miaka 20 na zaidi. Pia ningependa kila choo cha mgeni kiwe na kopo. La plastiki, lenye mkono, Langoni yako tele madukani, halina haja ya kuagizwa Nairobi.

Na wewe mhariri, au huyo mwandishi wako, mkija tena msihangaike kutafuta penye jina. Sabule yangu iko wazi. Kitanda ni cha kamba, feni inapiga kelele, punda wa jirani huanza saa kumi alfajiri. Mlango unafungwa kwa ndani.

Siku wakwe walipoondoka niliingia chumba kile kuchukua kitana alichosahau mtoto, nikapita na futi yangu. Uwazi una upana wa sentimita 74 na urefu wa 188. Mbao za mbambakofi ninazo, zimekauka, zimebaki kwenye kazi ya msikiti. Nilimpelekea meneja vipimo hivyo kwa maandishi, nikaandika chini kwamba kazi ni bure, wanilipie bawaba na komeo tu. Majibu yalikuja baada ya wiki moja, kwenye simu, yakiniomba niwape nyota tano.

Fundi mstaafu wa chokaa,
Langoni, Lamu