Wacheni kuuzia vijana wetu maswali ya GMAT ya zamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu niseme kuhusu vijana wetu wa hapa Kisumu wanaotaka kwenda kusomea MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, ng'ambo, maana huwa naketi na wachache wao kuwasaidia na hesabu na roho inaniuma sana nikiona vile pesa zao zinaliwa. Kuna saiba hapa mjini zinauza fotokopi za maswali ya GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya MBA, vitabu vinene kabisa, na ukifungua unakuta jiometri, unakuta kusahihisha sentensi, unakuta insha. Hizo zote ziliondolewa kwa mtihani! Mtihani ulibadilishwa mwishoni mwa 2023 na ule wa zamani ukafungwa mapema 2024. Sasa ni sehemu tatu tu, hesabu maswali 21, kusoma na kupima hoja kwa Kiingereza 23, kuchambua data 20, kila moja dakika 45. Hata alama ni zingine, zinaanzia 205 mpaka 805 na zote zinaishia na 5, kwa hivyo mtu akikwambia jirani yake alipata 700 ujue huo ni ule wa kale, na 700 ya wakati huo inakaribiana na 645 ya sasa.

Lakini hata hizo karatasi zingekuwa mpya bado kuna shida. Sisi tumelelewa na KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, unadurusu karatasi za miaka iliyopita mpaka unazijua kwa kichwa na kusema kweli inasaidia. GMAT inafanywa kwa komputa na inakufuata vile unajibu, ukipata swali linalokuja linaweza kuwa gumu zaidi, ukikosa linashuka, kwa hivyo watu wawili walioketi siku moja hawapati maswali sawa. Karatasi itakuonyesha hiyo aje?

Wenye mtihani, GMAC, wanatoa mitihani miwili ya majaribio bure kwa tovuti yao ya mba.com, na hii ndio naona vijana wakiharibu kuliko kitu kingine chochote. Mtu anafungua wa kwanza akiwa kwa kochi, TV inaongea, anasimamisha akaweke chai, anarudi, anaangalia alama anafurahi ama anakasirika, kesho yake anafanya wa pili. Imeisha hivyo na bado hajajifunza kitu. Unaweza kuurudia, sawa, lakini kuna maswali utakutana nayo tena na hizo alama zitakudanganya. Tafadhali, wa kwanza fanya mapema ujue umesimama wapi, wa pili uwekee karibu na siku yenyewe, na zote ufanye kama siku hiyo: masaa mawili na robo, pumziko moja la dakika kumi, simu imezimwa, kalkuleta usiguse isipokuwa kwa sehemu ya data.

Halafu kazi yenyewe inaanza ukimaliza. Chukua daftari, pitia kila swali ulilokosa uandike ni kwa nini, hukujua, ama ulijua ukaharakisha, ama ulisoma vibaya, na yale uliyobahatisha ukapata pia uyaandike kwa sababu hayo hukuyajua. Kuna mmoja tuliketi naye hivyo tukaona hesabu anaijua vizuri tu, shida ni kung'ang'ania swali moja mpaka mwisho anabaki na manne hajagusa, na maswali ukiyaacha wazi unakatwa alama. Sasa hivi ukishajibu swali, hata kwa kubahatisha, unaruhusiwa kulitia alama ya kukumbuka, uendelee, urudi baadaye ukimaliza mengine, na unaweza kubadilisha majibu matatu kwa kila sehemu. Hayo mazoea huyapati kwa kusoma, ni kwa kufanya na saa ikiwa mbele yako.

Najua wengi hawana laptopu, na nyumbani kuna kelele na stima inapotea. Kwa hivyo ombi langu kwa wenye saiba ni hili, wacheni hizo fotokopi, mtenge komputa moja mbili kwa kona yenye kimya Jumamosi asubuhi kukiwa bado hakuna watu, muwe na kitu cha kushikilia stima ikienda, mtoze bei moja ya hayo masaa mawili na nusu hivi. Wateja mtapata, mimi mwenyewe nitawaleta.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu