Barua kutoka Mwanza, mji wa majabali

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Mwanza. Sisi hatujambo, na ni matumaini yangu kwamba wewe na jamaa yako huko Kisumu mu wazima. Barua yako niliipokea pamoja na picha ya Kit Mikayi, yale majabali yaliyobebana huko kwenu, nikaitazama jioni nzima. Umeniandikia kwamba wanafunzi wako, walipofika chini ya yale mawe, walikuuliza ni nani aliyeyapandisha kule juu. Nami huulizwa swali hilo hilo kila mwaka, maana hapa kwetu mawe yamebebana kila upande unaogeukia.

Ninachowajibu wangu ni kwamba hakuna aliyeyapandisha. Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, uji wa moto wa mawe ulipoa polepole chini sana ya ardhi ukawa graniti. Kadiri tabaka za juu zilivyomomonyoka, mzigo uliougandamiza mwamba huo ulipungua, nao ukatanuka na kupasuka nyufa za wima na za ulalo, mfano wa tofali zilizopangwa. Maji yalipenya katika nyufa hizo yakaanza kuuozesha mwamba, na kwa kuwa pembe hushambuliwa kutoka pande kadhaa kwa pamoja, ndizo zilizotangulia kulika, hata kila tofali likakaribia umbo la tufe. Mvua ilipokuja kuosha ule udongo uliooza, matufe yalibaki pale pale yalipokuwa tangu awali, moja juu ya jingine. Kwa hiyo mawe hayakupanda. Ni ardhi iliyoshuka.

Kazi hiyo inaendelea hata leo, na unaweza kuishika mkononi. Nyuma ya shule yetu lipo jabali refu kupita paa la darasa, na kila baada ya mvua kubwa mimi huchota konzi ya mchanga chini yake. Humo mna chembe ngumu zinazong'aa, ambazo ni madini ya kwatsi, na nyingine hafifu ambazo ukizisugua kwa kidole gumba zinasagika kuwa unga. Huo ndio mwanzo wa udongo wa mfinyanzi. Ubavuni mwa jabali hilo yametoka maganda kama ya kitunguu, na ndani ya maganda hayo hukaa mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, wanaopenda kuota jua la asubuhi.

Jiwe letu linalojulikana zaidi ni lile lililo ziwani karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo hadi leo linaitwa Jiwe la Bismarck, kwa jina la kansela wa Ujerumani. Jina hilo halinifurahishi, kwa sababu hadithi yake haina chochote kinachohusu jiwe lenyewe wala watu waliokuwa wakivua samaki kandokando yake. Jiwe lenu limetendewa haki. Kit Mikayi, jiwe la mke wa kwanza, linamkumbuka yule mzee aliyelipenda hata akawa anashinda pangoni mwake, mkewe akimpelekea chakula na kuwaambia waliomuulizia kwamba mumewe amekwenda kwa mke mkubwa. Hadithi ya namna hiyo ni ulinzi, kwani mtu hathubutu kupiga nyundo kitu ambacho bibi yake alimsimulia.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Milimani huku, watu huwasha moto juu ya jabali mpaka lipasuke, kisha vipande vikateremshwa kwa akina mama wanaokaa chini ya mwavuli, kila mmoja na nyundo yake, wakigonga kokoto na kuziuza kwa ndoo. Siwalaumu hata kidogo, kwa maana kokoto hizo ndizo ada za watoto ninaowafundisha, na hata msingi wa nyumba yangu umejengwa kwa kokoto hizo hizo. Hata hivyo jabali si mti, halichipui tena. Ningependa yale makubwa yanayoutambulisha mji yatengwe na kuwekewa alama, kama vile Kisiwa cha Saanane kilivyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, pimbi na majabali yake yakahifadhiwa pamoja, na wagongaji waonyeshwe mahali pengine pa kuchimba.

Mwezi uliopita nilikuta jivu na doa jeusi juu ya jabali la shule, na ufa mpya wenye urefu wa mkono wangu. Wanafunzi wa kidato cha pili wameanza kuupima kila Ijumaa kwa uzi, na vipimo wanaviandika katika daftari. Ukija likizo, njoo na wanafunzi wako wawasimulie hawa habari za mke mkubwa, kwa sababu jabali letu bado halina jina, nasi tunataka kulipatia.

Wako katika kazi,
Rafiki yako wa Mwanza