Tukutane leo saa 2 usiku, msikose

Habari za jioni wapendwa. Leo mwalimu wa Hisabati atakuwa hapa kwenye grupu, tunachati naye moja kwa moja. Jamani, msiseme "nitapitia kesho." Video iliyorekodiwa haijui umekwama wapi. Juzi mwenzetu aliandika 5 – (x – 2) = 3 – x. Mwalimu akaona papo hapo kwamba alama ya kutoa haikugusa kila kilichomo kwenye mabano, akamwonyesha jibu ni 7 – x. Kumbe wengine nao walikwama palepale! Maandishi hayamalizi bando kama video, na mwenye aibu ya kuongea anauliza kwa raha. Andikeni hatua zote, siyo jibu tu. Salamu na stika zisubiri tumalize, tafadhali.