Wauzaji wa giaboksi watutajie uzito kabla ya kutupakilia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wauzaji wa vipuri vilivyotumika, pamoja na wenzangu tunaotengenezea magari yetu uani, juu ya safari fupi ambayo hakuna anayeihesabu wakati wa kununua: ile ya giaboksi kutoka kwenye gari lililoileta hadi mahali ambapo fundi atakuja kuifunga.

Miezi michache iliyopita nilinunua Ilala giaboksi ya otomatiki iliyotolewa kwenye Toyota Noah iliyopata ajali, ili iwekwe kwenye Noah yangu ya zamani ambayo gia ilikuwa imekataa kabisa kuingia. Dukani sikuona shida yoyote, kwa sababu vijana wanne wa kupakia waliishika kila mmoja upande wake, wakairusha ndani ya kirikuu kama mkungu wa ndizi, nikawapa chao, tukaondoka. Kichochoro chetu hakipitishi gari, dereva alikuwa na mzigo mwingine wa kuwahi, fundi alikwishasema kwamba hatafika hadi kesho yake, na mawingu yalikuwa yametanda. Basi tukaiteremsha wawili mdomoni mwa kichochoro, dereva akaenda zake, nami nikabaki na chuma changu.

Nina miaka 61 na sijihesabu mnyonge, maana mfuko wa saruji wa kilo 50 bado naufikisha begani. Hapo ndipo nilipojidanganya. Saruji huikumbatia ikakulalia begani, lakini giaboksi haina pa kushika, ina kingo zinazokata viganja, imeroa mafuta, na uzito wake umekusanyika upande ule mpana unaofungwa kwenye injini, ilhali mkia unaokwenda kwenye propela ni mwembamba na ndio unaokaribisha mkono. Niliushika huo mkia nikainua. Upande mpana ukainama, na konveta, inayoiunganisha giaboksi na injini, ambayo ni kama chungu kizito cha chuma kilichojaa mafuta na ambayo haikuwa imezuiwa na kitu chochote, ikachomoka na kuangukia zege karibu kabisa na vidole vyangu vilivyokuwa ndani ya kandambili. Katika kuruka nyuma mgongo ukanikamata, na kwa siku tisa nilikuwa nikitoka kitandani kwa kujiviringisha ubavu.

Fundi alipofika alinieleza jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue. Konveta ikichomoka, hata kama haikupasuka, ni lazima irudishwe hadi ikae ndani kabisa kwenye pampu ya mafuta. Ikibaki nje kidogo tu na bolti zikakazwa hivyohivyo, pampu huvunjika na giaboksi nzima huwa imekufa kabla gari halijatoka uani. Hasara ya namna hiyo muuzaji hawezi kuilipa, kwa kuwa atasema, na kwa sehemu atakuwa na haki, kwamba kitu kiliharibikia mikononi mwa mteja. Ila kipande cha bati au waya mgumu uliopitishwa kwenye matundu ya bolti ungeizuia, na kazi hiyo dukani haichukui hata dakika tano.

Ombi langu kwa wauzaji ni kwamba waandike uzito kwa chaki ubavuni mwa kila giaboksi, wafunge konveta, na wamwage mafuta yanayoweza kumwagwa kabla ya kupakia. Giaboksi ya mkono ya gari dogo huweza kuwa na kilo 30 hadi 45, lakini ya otomatiki ikiwa na konveta yake mara nyingi hufika kilo 70 au zaidi, na ya gari kubwa linalosukumwa na magurudumu yote manne, pamoja na kisanduku chake cha nyuma kinachogawa nguvu mbele na nyuma, huweza kupita kilo 100. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mwaka 1967 Mkataba Na. 127 kuhusu uzito wa juu wa mizigo, lilitoa pia Pendekezo Na. 128 linalotaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mfanyakazi mwanamume mtu mzima. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamlinda aliye kazini, wala haimfuati mtu mpaka uani kwake. (Hata lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, tunailalamikia kwa ajili ya vipimo na haki ya mkulima; mgongo wa anayeibeba hutajwa mara chache.)

Najua wako watakaosema tusubiri jirani arudi kutoka kazini, na ushauri huo ndio bora kuliko wote, kwa hiyo anayeweza kusubiri aifunike turubai aiache. Kwa asiye na budi, jambo la kwanza ni viatu vigumu, na la pili ni kuacha kabisa wazo la kunyanyua. Ubao imara wa mita 2.5 ukiegemezwa kwenye kitanda cha gari chenye kimo cha sentimita 65 hivi, nguvu ya kuizuia giaboksi isiporomoke huwa takriban robo ya uzito wake, na msuguano nao hukusaidia. Kamba izungushwe mara moja kwenye nguzo, iachiwe polepole, na mtu asisimame chini ya ubao. Chini iwe imesubiri tairi kuukuu iliyolazwa, ambayo giaboksi hukaa juu yake bila kubingirika na huweza kukokotwa kwa kamba hata kwenye mchanga. Penye sakafu ngumu, giaboksi ikiwa juu ya ubao uliolazwa, mabomba matatu ya kuuviringishia chini yake yanatosha. Toroli la ujenzi la gurudumu moja silishauri, kwa kuwa hupinduka upande, wala kufunga mnyororo kwenye mbao za paa la nyumba, ambazo zilipigiliwa ili zibebe mabati. Giaboksi ikianza kuanguka, iache ianguke.

Muuzaji atakayekuwa wa kwanza kuazimisha toroli pana la magurudumu manne kwa amana, likarudishwa kesho yake, namwomba ajitangaze humu gazetini, kwa sababu difu, chuma kingine kizito cha Noah hiyohiyo, nayo imeanza kulia.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Dar es Salaam