Fanusi mmewasha, daftari je? Barua kwa wauguzi na wakunga wa Kigoma

Wanangu, mwakeye.

Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, mliandamana vizuri. Sare zimepigwa pasi, mishumaa imewaka, kiapo kimesomwa, keki imekatwa, na Florence Nightingale ametajwa mpaka basi. Siku hizohizo, katika zahanati moja ya mwambao, patografu (fomu ya kuchora mwenendo wa uchungu saa kwa saa) ya mama aliyejifungua usiku ilijazwa asubuhi. Nukta zimepangwa kama shanga, mapigo ya mtoto 140, 140, 140, wino mmoja kutoka juu hadi chini. Mtoto alizaliwa amechoka, lakini karatasi inasema usiku kucha hakuwa na neno. Ndicho kilichonikalisha kuandika.

Nightingale, yule bibi Mwingereza aliyeuguza askari vitani, mnamkumbuka kwa taa. Na taa yenyewe wala haikuwa hiyo ya kwenye fulana zenu, yenye mdomo kama birika. Ilikuwa fanusi ya Kituruki, ya kukunja. Silaha yake ilikuwa hesabu. Alifika Scutari, hospitali ya jeshi huko Uturuki, Novemba 1854 na wauguzi 38, akakuta daftari za vifo zinapingana na askari wanakufa kwa maradhi kuliko kwa majeraha. Mwaka 1855 mifereji ya maji machafu chini ya hospitali ikazibuliwa, vifo vikashuka. Kufika 1858 alikuwa amevichora mwezi kwa mwezi, rangi kwa rangi, wakubwa wa jeshi wasiwe na pa kujificha. Angekuwa anakisia asubuhi, angewaonyesha nini?

Haya, patografu. Njia, yaani mlango wa kizazi, ikifunguka sentimita 4 ndipo unaanza kuchora (wenye fomu mpya ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 huanza 5, fuata iliyo mezani kwako). Mapigo ya mtoto kila nusu saa: sikiliza dakika nzima uchungu unapoachia, na yawe kati ya 110 na 160. Uchungu unauhesabu kwa dakika 10, mkono ukiwa tumboni, si kwa kumuuliza mama. Presha na njia, kila baada ya saa 4. Mstari wa tahadhari unapanda sentimita 1 kwa saa. Wa kuchukua hatua uko saa 4 kulia kwake.

Saa hizo 4 ni za safari, wanangu, si za kungoja tuone. Mistari hiyo ilibuniwa mwaka 1972, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kwa ajili ya mama aliye mbali na chumba cha upasuaji. Kwetu, mbali ni ziwa. Boti itafutwe, mafuta yapatikane, nahodha aamshwe, na upepo wa Tanganyika hauombwi ruhusa. Nukta ikivuka mstari wa kwanza, simu ipigwe hapohapo. Nukta zilizochorwa asubuhi haziiti boti.

Najua usiku uko peke yako na akina mama watatu. Basi iache nafasi wazi, uandike: "saa 8 usiku, nazalisha kitanda cha pili." Nafasi hiyo inadai muuguzi wa pili. Ukiijaza uongo, umetia sahihi kwamba mmoja anatosha, na hutaongezewa mtu. Nanyi wasimamizi mnaoshuka garini kuhesabu fomu zilizojaa bila kuuliza zilijazwa saa ngapi, uongo huu mmeufundisha ninyi.

Mengine mnayajua. Mikono, maji tiririka na sabuni, sekunde 40 hadi 60. Jik, ile dawa ya klorini, ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6, vifaa vikae dakika 10. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu, uniti 10 ndani ya dakika 1 mtoto akitoka, mkishahakikisha hakuna pacha. Madirisha yafunguliwe, kitabu cha Nightingale cha 1859 kilianza na hewa. Na msiwafokee wazazi. Binti wa miaka kumi na saba anayelia anaogopa, hajakosa adabu.

Jambo la mwisho, ile saa ya ukutani wodi ya wazazi. Imesimama saa tisa kasoro robo, na kila anayeandika muda anatazama simu yake au anabuni. Inatumia betri moja ndogo. Inunuliwe leo, kabla hamjaanza kuchangishana keki ya mwakani.

Mzee wenu,
Ujiji