Mjomba, Nivôse si chuma chakavu

Shikamoo Mjomba,

Juzi barazani, baada ya swala ya alasiri, nilikuonyesha kwenye simu picha ya Nivôse, ile frigeti ya Wafaransa. Uliitupia jicho ukanirudishia simu: "Manowari gani hii haina kombora? Chuma chakavu." Wenzako wakacheka, nami nikanyamaza, maana siwezi kukubishia mbele ya watu wa rika lako. Lakini neno lile limenikaa moyoni siku ya tatu leo. Nakujibu hapa wazi, ili na wao wasome.

Kombora la kupiga meli haina, ni kweli. Ilikuwa nayo mawili ya Exocet MM38, aina ya mwanzo kabisa ya Exocet. Katika miaka ya 2010 yalifikia ukomo wake, yakateremshwa, na hakuna mengine yaliyowekwa mahali pake. Umri nao ni kweli: imeingia kazini Oktoba 1992. Lakini wewe, uliyekula miaka yako yote kwenye chumba cha mashine, itazame kwa macho ya fundi.

Wafaransa walikuwa na visiwa vya kulinda mbali mno na kwao: Réunion, Tahiti, Martinique, Nouvelle-Calédonie. Walichohitaji huko ni chombo cha kukaa baharini muda mrefu bila kusumbua watu wake. Kwa hiyo walikwenda Saint-Nazaire, kwenye karakana inayojulikana kwa meli kubwa za abiria, wakaunda frigeti sita kwa taratibu za meli za biashara. Mashine nne za dizeli za Pielstick, rafadha mbili, urefu mita 93 na nusu, mzinga mmoja wa milimita 100 kwenye omo, na tezini uwanja wa helikopta na banda lake. Mwendo wake haupiti maili 20 za baharini kwa saa. Najua utasema ni mdogo, na kwa manowari ni mdogo. Lakini ikienda maili 15 kwa saa inafika maili 10,000 bila kujaza mafuta. Hiyo ni Mombasa hadi Bombay na kurudi, kisha tena hadi Bombay na kurudi, kwa tangi lile lile. Meli ngapi ulizofanyia kazi ziliweza hivyo?

Hata jina lake lina habari. Zile sita zilipewa majina ya miezi ya kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa, na Nivôse ni mwezi wa theluji, mwishoni mwa Desemba kuingia Januari. Kwetu huo ni wakati wa kaskazi, jua kali. Niliona ni jina la ajabu kwa meli inayokaa Réunion, mpaka nilipojua inakopelekwa: visiwa vya Crozet na Kerguelen, takriban kilomita 2,800 hadi 3,400 kusini ya Réunion, kuwazuia wezi wa samaki wa kina kirefu wanaoitwa légine. Kule theluji ipo, na mawimbi yake huyapati Lamu wala Pemba, hata kusi ikichachamaa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Unaikumbuka Aprili 2009. Mama alikuwa halali. Ulikuwa umepiga simu mara moja ukasema mmezungusha seng'enge pembeni mwa meli, kisha kimya. Tarehe 8 maharamia waliipanda Maersk Alabama, meli ya mizigo ya Marekani iliyokuwa ikija hapa hapa Mombasa, na mji mzima ukawa hauna mazungumzo mengine. Ilikuwa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijakaza, bahari imelala, boti ndogo inakwenda popote. Siku chache baadaye maharamia wengine waliiandama meli ya mizigo ya Safmarine Asia, na helikopta ya Nivôse ikawatibua. Nivôse ikakifuata chombo mama chao, kile kikubwa kinachobeba boti zao ndogo, na tarehe 15 ikawakamata watu 11, yapata kilomita 900 mashariki ya Mombasa. Tarehe 22 waliteremshwa hapa kwetu wakabidhiwe kwa serikali, kwa kuwa Kenya ilikuwa imekubaliana na Umoja wa Ulaya mwezi mmoja tu kabla kwamba washukiwa wa namna hiyo washtakiwe kwetu. Machi 2010 ikakamata 35 kwa siku tatu, pamoja na vyombo mama vinne.

Katika hao wote, Mjomba, hakuna aliyekamatwa kwa Exocet. Kilichofanya kazi ni helikopta, boti za kuteremsha, na tangi kubwa.

Wala si kwamba Wafaransa hawaboreshi frigeti zao. Courbet, ya ukoo wa La Fayette, iliingia matengenezoni Toulon mwaka 2020. Waliiondolea mtambo wa Crotale wa kulinda anga, wakafunga miwili ya Sadral ya kurushia makombora ya Mistral, iliyotolewa kwenye frigeti kongwe zilizostaafu, na chini ya tumbo wakaitia sona ya kusaka nyambizi, kitu ambacho haikuzaliwa nacho. Zikafuata La Fayette yenyewe na Aconit. Dada zao wawili, Surcouf na Guépratte, hawakupewa. Nivôse nayo wakaipunguzia silaha, ikabaki na kile kinachoifaa. Mimi naona walipima vizuri.

Pamoja na hayo, tangu mwishoni mwa 2023 Bahari ya Sham imewahi kujaa makombora na droni za Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, na mlango wake wa kusini, Bab el-Mandeb, si mahali pa meli kama hii. Hapo una haki, na ungelisema hivyo ningelikubali palepale. Ila bahari yetu hii, ya majahazi yanayoshusha heroini na boti zinazopotea, bado inaihitaji.

Ufaransa imepanga kuziondoa zote sita na kuleta korveti mpya. Kabla Nivôse haijakatwa vyuma, natamani itie nanga Kilindini tena tukaitazame pamoja, mimi na wewe. Na kuna jambo sijawahi kukuuliza, hata Mama hakuthubutu. Tarehe 15 Aprili 2009, meli yenu ilikuwa wapi?

Mpwa wako