Kikao cha Ijumaa: fidla, udi na riziki

Assalam aleykum jamaa. Ijumaa baada ya Isha tukutane barazani Langoni. Vijana wawili wameniuliza kama waache kazi ya mashua wapige fidla tu. Mimi nasema wasiache, bado. Okestra ya kulipa mshahara hapa Lamu hatuna, na hata Nairobi wapiga fidla wengi hujikimu kwa kufundisha. Hata Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, udi wake (ala ya nyuzi kama gitaa) ulivuma kutokea Mombasa, kwa harusi na kanda. Anayetaka kusoma nota, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kipo Unguja tangu 2002. Fidla, udi na ganuni (kinanda bapa cha nyuzi nyingi) zote wanafundisha.

Harusi nazo: nusu ya pesa ishikwe kabla chombo hakijatoka mfukoni. Tumechoka kuambiwa "tutaonana kesho" na biriani tumboni!

Futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza kupiga, chumvi ya bahari inazila. Mwenye ganuni afike mapema na ufunguo wake, nyuzi zaidi ya 70 hazilinganishwi kwa dakika mbili. Kahawa juu yangu, kashata leteni.